Twining: Gavana wa kofia ya manyoya aliyeacha mpaka Serengeti

MKULIMA wa Mugumu ambaye tembo wamemaliza mtama wake kwa usiku mmoja, na mfugaji wa Tarime ambaye ng'ombe wake wamekamatwa ng'ambo ya bikoni, kwa kawaida humlaumu askari wa hifadhi aliye mbele yake. Askari huyo hakuchora mpaka. Hata mkubwa wake wa leo hakuuchora. Maamuzi mengi yaliyouzaa yalifanywa kati ya mwaka 1951 na 1959, na kwa miaka saba ya kipindi hicho mwenye nchi kwa niaba ya Taji la Uingereza alikuwa mtu mmoja, Sir Edward Francis Twining, Gavana wa Tanganyika.

Ni jina ambalo wazee wengi wa Kanda ya Ziwa walilitamka kama Twaining, na ambalo vijana wa leo hukutana nalo kwenye boksi la majani ya chai bila kujua kuwa kuna uhusiano. Upo. Edward Twining alitoka katika ukoo wa kina Twining, wafanyabiashara wa chai wa London ambao biashara yao ilianzishwa na Thomas Twining mwaka 1706. Yeye mwenyewe lakini hakuuza chai. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Kianglikana, na mtoto huyo aliyezaliwa Westminster, London, mwaka 1899, alipelekwa jeshini.

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri msomaji akaelewa cheo hicho kilikuwa na uzito gani. Gavana wa jimbo la Marekani huchaguliwa na wananchi, na akiwaudhi wakulima wanamsubiri kwenye sanduku la kura. Gavana wa Tanganyika aliteuliwa London, akaapishwa Dar es Salaam, na aliyeweza kumwondoa alikuwa London. Alisaini sheria, alitenga ardhi, alithibitisha machifu na kuwaondoa. Kitu kimoja tu kilimbana kuliko magavana wa makoloni mengine: Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mkulima wa hapa alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko nje ya himaya ya Mwingereza. Kitu hicho kimoja ndicho kilichokuja kumkosesha Twining usingizi.

Kutoka Dublin hadi Borneo

Kazi yake ya kwanza iliyomletea sifa aliifanya Ireland. Mwaka 1921, wakati Waayalandi wakipigania uhuru wao, afisa huyo kijana wa kikosi cha Worcestershire aliongoza msako katika nyumba moja mjini Dublin na kumkamata mtu ambaye baadaye alitambuliwa kuwa ni Eamon de Valera, kiongozi wa wapigania uhuru. Wakubwa walimwachia mfungwa huyo haraka kwa sababu mazungumzo ya siri yalikuwa yakiendelea. De Valera aliishia kuwa kiongozi wa serikali, na baadaye rais wa nchi yake. Huenda Twining angejifunza jambo pale, lakini matendo yake ya baadaye hayaonyeshi hivyo.

Mwaka 1923 alipelekwa Uganda na jeshi la King's African Rifles, lile ambalo kwa Wakurya wa Tarime halihitaji maelezo, kwani vijana wao wengi waliandikishwa humo. Lugha ya vikosi vya KAR ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1928 alimwoa Helen Mary du Buisson, daktari kwa taaluma, aliyejulikana zaidi kwa jina la May, na baada ya hapo aliacha bunduki akaingia katika utawala, hapo hapo Uganda.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alihamishiwa kisiwa cha Mauritius kuwa mkurugenzi wa kazi. Kisiwa hicho kilikuwa kimetoka tu kwenye ghasia za mwaka 1937 zilizoanzia kwenye mashamba ya miwa, ambako wakulima wadogo na vibarua waliona wanapunjwa na wenye viwanda vya sukari. Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliongezewa kazi ya kukagua barua na kusikiliza redio za adui. Mwaka 1944 alikwenda kuwa msimamizi wa kisiwa cha Saint Lucia katika bahari ya Karibi, na mwaka 1946 alipewa ugavana wa Borneo ya Kaskazini, nchi iliyokuwa imetoka tu mikononi mwa kampuni binafsi na ambayo miji yake ilikuwa imebomolewa na vita. Huko alipata sifa ya mtu wa kazi, mwenye mipango mikubwa na asiyependa kucheleweshwa na makaratasi ya London.

Ndiye mtu aliyeshuka Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 1949. Alikuwa na mwili mkubwa, mcheshi, mpenda hadithi na mpenda sherehe kupita kiasi. Kofia yake rasmi ilikuwa na manyoya marefu ya ndege, na mwandishi Darrell Bates, aliyefanya kazi chini yake, alikuja kuandika kitabu cha maisha yake mwaka 1972 ambacho hata jina lake linacheza na manyoya hayo. Mwaka huo huo wa 1949 mwalimu mmoja kijana kutoka Butiama, Julius Nyerere, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili. Mmoja aliingia nchini na mwingine akatoka. Waliporudi kukutana, mambo yalikuwa mengine.

Hasara ya karanga

Twining alikuta nchi ikiwa katikati ya aibu kubwa ya kilimo. Mpango wa karanga ulikuwa umeanza mwaka 1947 huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu ili iwapatie watu wake mafuta ya kupikia. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita. Mizizi ya vichaka vya Kongwa iliyavunja. Udongo ulipokauka uligeuka kama saruji, na mvua haikunyesha kwa ratiba ya London. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua hivyo miaka yote.

Ulipofika mwezi Januari mwaka 1951, mpango ulifutwa ukiwa umeteketeza takribani pauni milioni 36. Kwa haki ni lazima isemwe kuwa Gavana hakuwa na mamlaka juu ya shirika lililoendesha mpango huo, kwani lilikuwa likiripoti London moja kwa moja. Yeye aliachiwa mashamba yaliyobaki, bandari mpya ya Mtwara na reli ya kusini ambayo ilikosa mzigo na kung'olewa mapema katika miaka ya 1960.

Bahati ilikuwa upande wake katika jambo lingine. Vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 vilipandisha bei ya mkonge, pamba na kahawa duniani. Fedha ziliingia hazina, na Twining alizitumia kujenga barabara, shule na hospitali kwa kasi ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Mkewe naye alihimiza kazi za wanawake na Msalaba Mwekundu. Wafanyabiashara wengi wa mijini waliokuwepo wakati huo waliukumbuka mwanzo wa miaka ya 1950 kama wakati wa neema.

Kwa mkulima wa pamba neema hiyo haikuwa yote. Pamba yake iliuzwa kupitia bodi, na katika miaka ya bei nzuri alilipwa chini ya bei ya soko la dunia, tofauti ikiwekwa kwenye mfuko wa kufidia miaka mibaya. Wazo lenyewe si baya, na wapo wakulima wa leo ambao wangependa mfuko wa aina hiyo. Ubaya ni kwamba mwenye fedha hakuulizwa. Juu ya hapo kulikuwa na kilio cha mizani ya wanunuzi na wenye majineri.

Hapo ndipo wakulima wa Kanda ya Ziwa walipofanya jambo ambalo serikali haikulipanga. Chini ya Paul Bomani, kijana aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, walianzisha vyama vya kuuza pamba yao wenyewe, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Katika miaka michache shirikisho hilo likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, likinunua majineri yale yale yaliyokuwa yakilalamikiwa. Serikali ya Twining haikuvizuia vyama hivyo, na maofisa wa ushirika walivisaidia hesabu. Lakini tawi la chama cha siasa lililotaka kusimama karibu na ushirika huo lilikataliwa. Kuanzia mwaka 1954 TANU ilinyimwa usajili Usukuma, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1958.

Matuta, ng'ombe na Wameru

Twining aliamini kuwa mkulima wa Kiafrika anaharibu udongo wake na kwamba dawa ni amri. Imani hiyo haikuwa yake peke yake. Ofisi nzima ya kilimo ya wakati ule ilifikiri hivyo, na kwa sehemu walikuwa sahihi, kwani mmomonyoko ulikuwepo. Usukuma watu walitakiwa kulima kwa matuta yaliyofungwa, kupunguza ng'ombe na kulipia kodi ya mifugo. Uluguru walitakiwa kuchimba ngazi milimani, kazi ngumu ambayo katika sehemu nyingine iliinua udongo usio na rutuba juu. Mwezi Julai mwaka 1955 Waluguru walikataa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye.

Mara wakati huo haikuwa mkoa. Ilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa lililotawaliwa kutoka Mwanza, na habari zilisafiri kwa meli na kwa wachuuzi wa ng'ombe. Mtu wa Tarime aliposikia kuwa Msukuma anaamriwa kuuza ng'ombe wake, hakuhitaji kuelezwa maana yake. Kwa Mkurya ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya boma. Geita nako, serikali ilipolazimisha baraza la rangi zote mwaka 1957 na 1958, maelfu ya watu waliandamana hadi Mwanza na kupigwa mabomu ya machozi. Serikali ilirudi nyuma.

Lakini kosa lililomvunjia jina lilitokea kaskazini, mwezi Novemba mwaka 1951. Karibu Wameru 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili eneo hilo ligawanywe kuwa mashamba 13 ya walowezi. Serikali iliwapa eneo lingine na fidia, na iliona imemaliza. Wameru walichangishana fedha, wakamtumia mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Ardhi hawakuipata wakati ule. Walichopata ni kuifahamisha Tanganyika nzima kwamba Gavana ana mtu anayeweza kumuuliza maswali.

Mpaka wa Serengeti

Sasa turudi Mara. Sehemu ya Serengeti ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1929, lakini wanyama hawakuwa peke yao. Upande wa mashariki Wamasai walilisha ng'ombe. Upande wa magharibi Waikoma, Wanata na Wangoreme walilima mtama na ulezi na kuwinda nyumbu walipopita, kama baba zao. Kaskazini Wakurya walivuka mto Mara na mifugo yao. Sheria ya hifadhi za taifa ilitungwa mwaka 1948, na mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikaanza kufanya kazi, Ngorongoro ikiwa ndani yake.

Mwanzoni waliokuwa wakiishi ndani waliambiwa haki zao za desturi zitaheshimiwa. Uwindaji ulikatazwa tangu siku ya kwanza, na hapo Mwikoma aliyetoka na upinde kutafuta kitoweo akawa jangili bila kuhama nyumbani. Mwaka 1954 ikatolewa amri ya pili: kilimo ndani ya hifadhi ni marufuku. Wenye mashamba Ngorongoro walipinga, na Wamasai waliona zamu yao inakuja.

Kwa muda Twining alielekea kuwasikiliza. Mwaka 1956 serikali yake ilitoa waraka uliopendekeza hifadhi ikatwe vipande vitatu vidogo: magharibi mwa Serengeti, kreta ya Ngorongoro na kreta ya Empakaai, na maeneo mengine yote yarudishwe kwa wafugaji. Ukiutazama leo kwa jicho la mfugaji, ulikuwa waraka wa maana. Ukiutazama kwa jicho la biashara ya utalii ambayo leo inaajiri vijana wa Mugumu na kununua mboga za akina mama wa vijiji vya jirani, ungeweza kuua nyumbu wote, kwani mzunguko wao ungekatwa katikati. Ukweli huo haukujulikana vizuri wakati huo. Hakuna aliyekuwa amehesabu nyumbu wala kufuata njia zao.

Waraka huo ulizua makelele kutoka mbali. Vyama vya wapenda wanyama vya Uingereza na Marekani viliandika barua, magazeti ya London yakashika, na chama kimoja cha Uingereza kikamtuma Profesa Pearsall kuja kuangalia mwenyewe. Mwaka 1957 serikali iliunda kamati chini ya jaji Sir Barclay Nihill. Suluhisho lililotoka lilikuwa la mabadilishano. Ngorongoro itolewe katika hifadhi na Wamasai wabaki huko na mifugo yao. Nao waondoke kabisa kwenye mbuga za Serengeti. Hifadhi itakayopungua mashariki ifidiwe kwa kusogezwa kaskazini hadi mpaka wa Kenya.

Mwezi Aprili mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai waliweka saini zao wakikubali kuhama. Mwaka 1959 sheria ikapitishwa. Mwaka huo huo Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, aliyekuwa amewahesabu wanyama kwa ndege pamoja na mwanawe Michael aliyekufa katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari, alitoa kitabu na filamu vilivyoifanya Serengeti ijulikane dunia nzima.

Katika masimulizi ya mgogoro huo, Wamasai ndio wanaotajwa, na waliumia kweli. Lakini ramani inasema jambo lingine pia. Kipande kilichoongezwa kaskazini kufidia Ngorongoro kilisogeza hifadhi kuelekea kwa Wakurya, Wangoreme na Waikoma. Watu hao katika vitabu vingi vya enzi ile wanaonekana zaidi katika kurasa za ujangili kuliko katika kurasa za haki ya ardhi. Mwenye kulipia deni la mashariki alikuwa jirani wa kaskazini na magharibi, na sauti yake haikufika New York wala London.

Mwalimu wa Butiama

Wakati mambo ya hifadhi yakiendelea, Twining alikuwa na vita vyake vya siasa. Wazo lake lilikuwa kwamba Tanganyika ni nchi ya rangi tatu na kila rangi ipate viti sawa. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipewa wajumbe 10 Waafrika, 10 wenye asili ya Asia na 10 Wazungu upande usio wa serikali. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu karibu 20,000, na wenye asili ya Asia hawakufika 100,000. Mfanyabiashara yeyote anayejua kugawa faida kwa hisa angeuliza hesabu hiyo imepigwaje.

Nyerere aliuliza. Alikuwa amerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akaongoza kuanzishwa kwa TANU tarehe 7 Julai mwaka 1954, na mwezi Machi mwaka 1955 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini New York, njia ile ile waliyopita Wameru. Aliporudi aliacha ualimu wa Pugu na kwenda kukaa nyumbani Butiama kwa miezi kadhaa, bila mshahara. Kaka yake, Edward Wanzagi, alikuwa chifu wa Wazanaki, mtu wa serikali ya Gavana. Familia moja ilikuwa na pande zote mbili za mgogoro mezani.

Twining alijibu kwa njia tatu. Aliunga mkono kuanzishwa kwa chama cha UTP mwaka 1956, chama cha rangi zote kilichopendwa zaidi na walowezi na baadhi ya machifu. Aliwaita machifu Mzumbe mwezi Mei mwaka 1957 ili wawe nguzo dhidi ya wanasiasa wa mijini. Na mwaka huo huo alimzuia Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara, kisha akamteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, labda akidhani kiti kitamtuliza. Nyerere alijiuzulu mwezi Desemba baada ya kuona hoja zake zinakataliwa moja baada ya nyingine.

Lipo jambo la mwisho ambalo kwa mkulima ni zito kuliko yote hayo. Tume ya kifalme iliyozunguka Afrika Mashariki kati ya mwaka 1953 na 1955 ilikuwa imependekeza ardhi ya Waafrika igeuzwe kuwa mali ya mtu mmoja mmoja, ya kuuzwa na kuwekwa rehani. Mwaka 1958 serikali ya Tanganyika ilitoa waraka wa kufuata njia hiyo. Nyerere alijibu kwa kijitabu alichokiita Mali ya Taifa. Alikataa ardhi igeuzwe bidhaa, akionya kuwa maskini ataiuza kwa shida na hatairudisha tena. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja: mkulima asiye na hati hakopesheki, na hilo mfanyabiashara mdogo wa Tarime analijua kila anapokwenda benki. Ubishi huo haujaisha. Uliochukua nafasi kisheria ni upande wa Nyerere, kwani baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu wa ardhi ulifutwa na kugeuzwa kuwa wa kukodi kutoka serikalini.

Kuondoka

Twining aliondoka Dar es Salaam katikati ya mwaka 1958, baada ya miaka tisa, muda mrefu kuliko gavana yeyote Mwingereza wa Tanganyika. Alimwachia kazi Sir Richard Turnbull, na pamoja nayo uchaguzi aliokuwa ameuandaa kwa masharti yake: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na awe na elimu au kipato cha kutosha. Wengi katika TANU walitaka uchaguzi huo ususiwe. Mkutano wa Tabora wa Januari mwaka 1958 ukaamua kuingia. Kura zilipohesabiwa, mwezi Septemba mwaka huo na Februari mwaka 1959, UTP haikupata kitu. Hata Wazungu na Waasia waliochaguliwa walikuwa wale waliokubaliwa na TANU. Masharti yaliyotungwa kuizuia TANU ndiyo yaliyoiingiza kwenye Baraza.

Uingereza haikumwadhibu. Mwaka huo huo wa 1958 alifanywa mmoja wa mabwana wa kwanza wa kuteuliwa kwa maisha katika Baraza la Mabwana, akachukua jina la Tanganyika katika cheo chake. Alitumia uzee wake kwa jambo alilolipenda siku zote, mapambo ya wafalme. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kikubwa cha historia ya mataji na vito vya kifalme vya Ulaya, ambacho wataalamu wa fani hiyo hadi leo hukitaja. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 1961, bendera aliyoapa kuilinda ilishushwa Dar es Salaam, na aliyekabidhiwa nchi alikuwa mwalimu wa Butiama.

Mipaka ya hifadhi haikurudi nyuma baada ya hapo. Katika miaka ya 1960 serikali huru iliongeza eneo la Lamai, kati ya mto Mara na mpaka wa Kenya, na Ikorongo na Grumeti zikawa mapori ya akiba kamili mwaka 1994. Bikoni za Twining zikawa za ndani, na nyingine zikawekwa mbele yake, karibu zaidi na mashamba ya mahindi. Gavana mwenyewe alikufa mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha.